Nyuzi Hamsini na Nane

Jumanne, 6 Mei

Mvua tangu alfajiri. Maji yameingia kibarazani mpaka kwenye miguu ya meza. Wateja wawili tu, wote betri. Betri ndiyo kazi yangu siku hizi. Unabandua kifuniko, unachomoa, unapachika. Hata mbuzi akifundishwa ataweza.

Mchana nimebandika mbavu sita za bawa la chini la ile ndege ndogo ninayoiunda. Nazichonga kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochipuka katikati ya mmea ukishazeeka. Ukikauka unakuwa mwepesi kama mkate wa juzi. Jamaa mmoja wa Chekereni aliniletea kipande kirefu alipofuata saa yake ya ukutani. Ubavu wa saba nimeuvunja. Kidole gumba kiliruka chenyewe. Sikukiagiza.

Zimebaki kumi na nne.

Alhamisi, 8 Mei

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu.

Mkono wa kulia unatetemeka tangu kabla ya Krismasi. Wa kushoto umejiunga Kwaresima. Daktari alitaja jina la ugonjwa, sitaki kuliandika. Dawa zinapunguza, haziondoi. Saa za springi, zile za kujaza kwa mkono, siwezi tena kuzifungua bila kuomba kwanza. Nawaambia wateja vipuri vyake havipatikani. Vipuri ninavyo, kopo zima.

Ndege hii ndiyo mtihani wangu. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na yanashikana kwa nyuzi hamsini na nane. Nimezihesabu kwenye mchoro mara tatu. Kila uzi una fundo juu na fundo chini, na lazima ukaze sawasawa na wenzake. Ukilegea mmoja, bawa linapinda. Nikizifunga zote kwa mikono yangu, nabaki mjini na kazi yangu. Nikishindwa, nafunga kazi. Nimejiapia.

Sijamwambia mtu. Hata Mzee Shabani sijamwambia, na tunachangia fremu moja mwaka wa kumi na tisa huu. Yeye na cherehani yake upande wa barabarani, mimi na saa zangu upande wa ukutani. Anadhani nachezea ndege kwa sababu wateja wamepungua.

Jumapili, 11 Mei

Misa ya kwanza. Nilikaa nyuma, mikono mifukoni. Wakati wa kupeana amani nikajifanya nakohoa.

Kwa nini ndege, mtu angeniuliza. Babu mzaa baba alibebeshwa mizigo ya jeshi katika vita ile ya Mjerumani na Mwingereza. Aliteremka kutoka Uru hadi tambarare na huko akaiona ndege ikitua, ya kwanza katika maisha yake. Alisema ilikuwa kitanda cha kamba, juu yake kitanda kingine cha kamba, na mzungu amekaa katikati. Tukacheka sana utotoni. Juzi nimeona picha, na mzee alisema kweli tupu. Ni vitanda viwili vya kamba.

Mchoro nimeuchapisha pale duka la vifaa vya shule, karatasi nne nimeziunga kwa gundi. Urefu wa mabawa sawa na mkono wangu kuanzia begani. Kipimo hicho ni kigumu makusudi. Ingekuwa kubwa zaidi, ningekuwa najidanganya.

Jumatano, 14 Mei

Mbavu zimekwisha. Mkono umetulia kutwa nzima. Sijui kwa nini. Sikuuliza.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nguo za mabawa. Mzee Shabani amenipa vipande vya bitana, rangi ya maziwa, ndivyo vyembamba kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akanikatia mwenyewe kwa mkasi wake wa mkono wa kushoto, ule asioruhusu mtu kuugusa. Nimebandika kwa uji wa muhogo kisha nikapaka mwingine juu yake, mwepesi. Ukikauka nguo inavutika, inalia ukiigonga kwa kucha.

Injini nimeitengeneza kwa vichwa vya kujazia saa, tisa, nikavipanga mviringo. Hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Mzee Shabani ameitazama kwa muda, akavua miwani, akavaa tena.

"Itaruka?"

"Hairuki, Mzee. Ya kutazama tu."

"Basi umejenga kuku," akasema, akarudi kwenye suruali yake.

Nilicheka. Ni muda sijacheka kazini.

Jumapili, 25 Mei

Nimepanda Uru baada ya misa. Mdogo wangu Aloyce alinipigia mara mbili wiki hii, nikajua kuna neno.

Nyumba ya baba sasa ina bati jipya na vigae sebuleni. Ni ya Aloyce kwa haki, yeye ndiye kitinda mimba na kihamba cha baba, shamba la migomba na kahawa, ni chake, ndivyo ilivyo kwetu. Kaka mkubwa alikatiwa kipande cha juu. Mimi wa katikati niliambiwa nitafute, na nilitafuta. Nilikwenda Majengo, huku mjini, na bisibisi tatu nikatafuta miaka thelathini na minane. Mikono hii ndiyo kihamba changu. Sikuwahi kuona wivu. Leo nimeona.

Shemeji alipika mtori. Tulipomaliza Aloyce akaanza kuzunguka, habari za kahawa, habari za bomba la maji, mwisho akasema: "Kaka, kile chumba cha nyuma tumekipaka rangi. Kipo tu. Mji umekuwa mgumu."

Nani kamwambia mji mgumu? Nikasema mji ni mzuri na kazi ni nyingi. Akasema sawa. Mkewe akaangalia chini.

Chumba nimekiona. Dirisha linatazama zizi. Rangi ya samawati. Wamenunua hata neti. Nimeshuka na hasira mpaka Majengo, na hasira yenyewe haina wa kumpiga.

Jumatano, 28 Mei

Nguzo zote kumi na mbili za kati ya mabawa zimesimama, bawa la juu limekaa. Leo nimeanza nyuzi.

Nne kwa saa tano. Aibu. Nilibana pumzi, nikaegemeza kiwiko mezani, nikabana mkono wa kulia kwa wa kushoto. Uzi unaingia tundu, unatoka, unaingia. Fundo nikilivuta mkono unaruka, uzi unalegea. Zote nne zimelegea. Zinaning'inia kama kamba ya nguo iliyoanikiwa blanketi. Nimezipaka uji wa muhogo nikaondoka kabla sijaitupa ndege barabarani.

Nimeshindwa siku ya kwanza. Mtihani wa siku moja.

Alhamisi, 29 Mei

Zimekaza!

Zote nne. Nimefika saa mbili, Mzee Shabani amekwishafungua kama kawaida yake, hufika moja kwa moja akitoka msikitini. Nikafunua beseni ninaloifunikia ndege. Nyuzi zimenyooka kama zimepigwa rula. Ni uji. Uji ukikauka unauvuta uzi kama ulivyovuta nguo. Sikulifikiria hilo. Mjinga mimi.

Nimefunga tano leo. Zimelegea, lakini sasa sina wasiwasi. Nimepaka uji.

Ijumaa, 30 Mei

Zimekaza zote tano. Mungu mkubwa.

Jumatatu, 2 Juni

Nyuzi ishirini na nne. Bawa halijapinda hata unywele.

Nimegundua jambo. Nikijua kwamba uji utakaza, siogopi, na nisipoogopa mkono unatetemeka kidogo tu. Au nadhani hivyo. Nimelala vizuri siku tatu mfululizo. Nimempigia Aloyce nikamwambia chumba awape watoto.

Jumanne, 3 Juni

Amekuja mama mmoja kutoka Rau, sijawahi kumwona. Ameleta saa ya marehemu mumewe, ya springi, ya zamani, uso wake umegeuka rangi ya chai. Imesimama tangu mazishi. Mwanawe anaoa mwisho wa mwezi na anataka aivae kanisani. Mafundi wawili wa mjini walimwambia haitengenezeki.

Ningemwambia vipuri havipatikani. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaitazama ndege, nikasema: "Niachie, mama. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo."

Mzee Shabani aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Kisha akaendelea kushona.

Nimeiweka kwenye droo. Nitaifungua nikishapita nyuzi hamsini.

Ijumaa, 6 Juni

Arobaini na sita. Zote zimekaza.

Mzee Shabani amefunga mapema, kesho Idd. Atarudi Jumanne. Ameniachia ufunguo wake kwa sababu wangu unakwama. Aliposimama mlangoni akasema, "Severini, siku hizi tatu pumzika na wewe. Ndege haina abiria."

Nikamwambia sikukuu njema. Kupumzika nitapumzika nikimaliza. Zimebaki kumi na mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Mtaa mtupu asubuhi, watu wote kwenye swala. Baadaye watoto wenye nguo mpya, harufu ya pilau kila dirisha. Nimekaa ndani peke yangu, mlango nusu. Kimya kizuri kwa kazi.

Nyuzi sita. Hamsini na mbili jumla. Nimepaka uji.

Nimepita hamsini, nikasema ahadi ni ahadi. Nikaitoa saa ya yule mama.

Nimevunja.

Niandike ilivyokuwa. Kifuniko kilitoka vizuri. Springi ilikuwa nzima, uchafu tu na mafuta yaliyoganda, kazi ya saa mbili kwa fundi yeyote. Nikalinyanyua kwa kibano lile gurudumu dogo linalocheza kushoto na kulia, moyo wenyewe wa saa. Mkono ukaruka. Mara moja tu. Mhimili wake ni mwembamba kuliko unywele, ulikatika bila hata sauti. Kipande kimepotea sakafuni. Nilipiga magoti na tochi hadi adhuhuri. Sikukipata, na ningekipata kingenisaidia nini?

Mhimili wa saa ile hautengenezwi tena popote. Safari hii si uongo.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Padri alihubiri habari za ndimi za moto. Nilikuwa nafikiria uji.

Nilitoka kanisani moja kwa moja hadi fremu. Nikafunua beseni.

Nyuzi za jana zimelegea. Zote sita. Zinaning'inia vilevile nilivyoziacha. Uji umekauka, mgumu, unavunjika kwa kucha, na uzi umelegea ndani yake.

Nikajiambia ni unyevu. Lakini wiki ile mvua ilikuwa kubwa zaidi na zilikaza.

Nikavaa lenzi ya jichoni. Laiti ningeivaa mapema. Miaka thelathini na minane nimevaa lenzi hii kutazama vitu vya watu, sikuwahi kuivaa kutazama vya kwangu. Mafundo yangu ya jana yamejipinda kwenda kulia. Mtu anayetumia mkono wa kulia ndivyo anavyofunga. Nikatazama ya Alhamisi, kushoto. Ya Jumatano, kushoto. Yamekatwa ncha safi, yamefichwa nyuma ya nguzo kama mshono wa suti. Majengo nzima anayeshona kwa kushoto ni mmoja.

Nimeyapitia yote, uzi kwa uzi. Kati ya zile arobaini na sita, zangu ni tatu.

Tatu.

Jumatatu, 9 Juni

Sikwenda. Sikuoga. Sikupika.

Jumanne, 10 Juni

Alikuwa amefika kabla yangu, na bakuli la nyama ya sikukuu limefunikwa kitambaa juu ya meza yangu. Sikumwamkia. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane sikumpa shikamoo yake. Nikamwonyesha ndege kwa kidole.

Hakukana. Alikaa chini kwanza, magoti yake mabaya.

"Nilikuta zimelegea, ndugu yangu. Nikasema macho yamechoka. Nikakaza. Asubuhi nina nafasi, wateja hawajaamka."

Nikamwambia kila kitu. Mtihani, kiapo, saa ya mama wa Rau. Nilimwambia kama si yeye nisingeigusa ile saa. Nilimwambia amenidhulumu. Neno hilo nililitumia, mbele ya mteja aliyefuata gauni lake.

Akamkabidhi mteja gauni lake kwanza. Kisha akasema, "Ningejua ni mtihani nisingegusa. Wallahi. Lakini hukusema. Mficha maradhi, kifo humfichua."

"Maradhi gani?"

"Severini. Mikono yako naiona tangu mwaka jana. Mtaa mzima unaiona. Unadhani kwa nini wanakuletea betri tu?"

Yule mwenye gauni akaangalia barabarani.

Basi ndivyo. Nilidhani biashara imekufa kwa sababu ya simu, kila mtu anasoma saa kwenye simu. Kumbe saa zao za springi wanapeleka kwa fundi wa kituo cha mabasi, na kwangu wanaleta betri ili nisikae bure. Walikuwa wananitunza. Mtaa mzima umenibeba mgongoni, na mimi nikidhani natembea.

Nimekula ile nyama. Ilikuwa tamu, na hilo pia limeniudhi.

Alhamisi, 12 Juni

Mama wa Rau amekuja saa nne. Nilikuwa nimeisafisha saa kwa nje, nimeing'arisha kioo, nimeifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia: mama, ilikuwa inatengenezeka. Wale mafundi walikudanganya. Mimi ndiye niliyeivunja, mikono yangu ni migonjwa na nilijua.

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

Aliishika, akaiweka sikioni. Tabia ya watu wote, hata saa wakijua imekufa wataiweka sikioni. Akauliza, "Ataweza kuivaa hivyohivyo? Hata kama haitembei?"

Nikasema ataweza.

"Basi ataivaa. Kanisani nani atamuuliza saa ngapi." Akaingiza mkono kwenye pochi kutaka kunilipa. Nikakataa. Akasisitiza. Nikatoka nje nikasimama kwenye jua mpaka akaondoka.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeandika kwenye boksi, kwa kalamu nene: SAA HAZITENGENEZWI TENA. Mwandiko umepinda. Nimelitundika kwenye msumari nilioupiga mwenyewe nikiwa kijana.

Vifaa nimempa fundi wa kituo cha mabasi. Alivipokea kwa mikono miwili, nikaitazama ile mikono. Imetulia. Nimemchukia kidogo, kisha nikamwonyesha lile kopo la vipuri na jinsi nilivyolipanga.

Mzee Shabani aliuliza kuhusu ndege. Zimebaki nyuzi sita za kuziweka na sita zilizolegea.

"Wewe sema uzi unakwenda wapi, mimi nifunge," akasema. "Mchana kweupe. Hakuna siri tena."

Nikasema hapana. Nikasema aiweke juu ya kabati lake au aitupe, yote sawa. Nilisema kwa ukali. Alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano, ameishika tayari. Akaichomeka taratibu kwenye kola ya koti alilokuwa akishona.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema wahenga. Hawakusema lolote kuhusu mikono.

Jumapili, 22 Juni

Nimempigia Aloyce. Nilikuwa na maneno marefu. Nikasema tu, "Kile chumba."

"Kipo, Kaka," akasema. "Watoto hatukuwapa."

Jumamosi, 5 Julai

Uru. Wiki ya pili. Ukungu hauondoki kabla ya saa tano, migomba inadondosha maji kutwa kama mvua iliyosahau kuondoka. Baridi inaingia kwenye vidole na kutetemeka kunazidi, au hapa nina muda zaidi wa kuitazama mikono. Asubuhi nasikia ng'ombe akijikuna kwenye ukuta wangu. Aloyce ananitafutia kazi. Jana nichambue maharage. Leo nikae na kahawa inayoanikwa, nifukuze kuku. Kuku wenyewe hawaniogopi.

Sina nitakachongoja. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nalia.

Asubuhi shemeji ametenga chai. Kikombe cha Aloyce kimejaa hadi mdomoni, vya watoto vimejaa. Changu ni nusu. Nikaangalia vile vikombe vyote nikaelewa. Wiki nzima imekuwa nusu, na sikuwa nimeona. Hakuna aliyesema kitu, wala mtoto hakuuliza. Nikakishika kwa mikono miwili. Chai ikacheza ndani, ikapanda ukingoni mwa kikombe, haikumwagika. Nikanywa yote.

Akapita na birika, akiongea na mtoto habari za sare za shule, hata hakunitazama. Akanimiminia nusu nyingine.

Nikasema asante. Neno hilo Mzee Shabani sikumpa.